Maziwa Kichwani kwa Loserian

Mama mkwe wangu Seenoi nampenda, tena sana, lakini siku ile nilitaka kumrudisha Ngorongoro kwa miguu.

Mume wangu Loserian alianguka na pikipiki, damu ikavilia ndani ya fuvu. Akapasuliwa kichwa Arusha. Kabla ya kushona, daktari alinyunyiza unga wa antibayotiki chini ya ngozi, kidonda kisije kikaoza. Tukarudi nyumbani Karatu na amri moja: bandeji isilowe mpaka nyuzi zitolewe.

Sasa, hospitali walimnyoa upande mmoja tu. Yeyo, ndivyo Wamasai wanavyomwita mama, alifika na kibuyu cha maziwa, akamtazama mwanawe, akashika mdomo.

"Penina! Mmemwacha nusu?"

Kwao mtu akivuka jambo kubwa hunyolewa, na mama ndiye humnyoa, akimlowesha kwa maziwa.

"Subiri, Yeyo. Kidonda hakitaki kulowa."

"Maziwa yamemlea, leo yamekuwa sumu?"

"Maji tu yamekatazwa, sembuse maziwa!"

Akaweka kibuyu chini. Nami mjinga nikadhani amekubali, nikaenda sokoni. Kurudi, Loserian kalaza kichwa mapajani kwa mama yake, bandeji chepechepe, wembe unateleza. Jitu zima limefumba macho, linatabasamu!

"Mungu wangu! Mnataka kunifanya mjane?"

Nikawapakia wote wawili kwenye bajaji mpaka zahanati. Muuguzi Josephati alifungua bandeji, akasafisha kidonda, akafunga nyingine mpya.

"Ile dawa ya unga si itamlinda?" nikauliza.

"Inasaidia, dada, lakini haizuii kila kitu. Mkiona homa au usaha, mleteni mbio."

Nikaapa sitasema na Yeyo. Yeye naye hakula. Kila asubuhi alimgusa mwanawe paji la uso, kisha akanitazama mimi. Siku ya tatu nikamkuta ameinama juu ya bandeji, anainusa. Hasira yote ikaniisha.

"Hainuki, Yeyo," nikamwambia. "Njoo unywe chai."

Tukawa tunanusa wote, kwa zamu. Loserian akalalamika kwamba tumemfanya mtindi.

Siku ya kutoa nyuzi, Josephati alibonyeza pembeni ya mshono. Pakavu. "Kimefunga vizuri," akasema. Nikapiga vigelegele mle mle chumbani. Yeyo akakaa sakafuni.

Wiki mbili baadaye muuguzi akaturuhusu kumnyoa. Yeyo akanipa wembe.

"Mnyoe wewe. Mkono huu ulitaka kuniulia mtoto."

"Haukumuua. Halafu kwenu hii ni kazi ya mama."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Nikanyoa taratibu, nikilizunguka kovu, naye amemshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili. Machozi yake yakamdondokea Loserian kichwani, mengi tu, nami sikumkataza.