Nyasi za Sairowua

Kaka yangu Sairowua alizikwa kando ya Ziwa Eyasi, mahali panapotazamana na kisiwa chake. Nasema chake, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuishi pale. Shakwe, ndege wa majini, hutaga pale chini, juu ya changarawe, na kila msimu kaka alizuia watu na mifugo mpaka makinda yaruke.

Mwaka huu maji yalirudi nyuma, matope yakakauka, kisiwa kikashikana na nchi kavu. Nilikuwa nimetoka Oldeani na fungu la nyasi mbichi za kuweka kaburini, kama tufanyavyo kwetu, nilipomwona jirani yetu Lembris akiwaswaga ng'ombe wake kuelekea kisiwani. Majani yalikuwa yamebaki huko tu. Mbavu zao zilionekana kwa mbali.

Nilikimbia, nikasimama mbele yao.

“Pisha, Nanyokie,” Lembris alisema, fimbo juu.

“Mayai yako chini, Lembris. Watayakanyaga yote.”

“Tangu lini Mmaasai akachunga kuku?” Alicheka, lakini fimbo haikushuka. “Na hao hata supu hawana.”

“Sairowua angekuzuia.”

“Sairowua alikuwa rika langu, nimemlilia. Lakini ng'ombe hawa wanakufa leo.”

Fahali wa mbele alinisukuma kifuani. Nyuma yangu shakwe waliinuka kwa makelele, na kunguru wakaanza kushuka kwenye mayai yaliyoachwa.

Kwetu, anayeinua nyasi mbichi anaomba amani, na anayempita anajitafutia laana. Pale niliposimama palikuwa na chumvi tupu. Nyasi zilikuwa zile nilizobeba tu. Nikaziinua.

Lembris aliganda. “Hizo si zako. Ni za marehemu.”

“Basi ndiye anayekuomba.”

Akanitazama kwa hasira. Fahali akanyoosha shingo, akaanza kuzitafuna mkononi mwangu. Sikushusha mkono.

“Hata wewe!” Lembris alimchapa puani, akamgeuza. “Kaka yako alikuwa msumbufu akiwa hai. Sasa kafa, hajaacha.”

Akapiga mluzi, akaswaga kundi kuelekea Endabash, akaombe mabua ya mahindi kwa wakulima. Ndama mmoja alilala njiani, Lembris akambeba mabegani.

Nilingoja mpaka shakwe wakatulia juu ya viota. Kisha nikaenda kaburini na nyasi zilizobaki, vijiti vichache vyenye mate ya fahali. Nikamwekea hivyo hivyo.