Jiko Lisilo na Moshi

Jiko la mjukuu wangu liliwaka bila moshi, na kwa wiki sita liliwaka bila sufuria.

Kila asubuhi nililijaza vigunzi vya mahindi, nikaliwasha, nikaliacha uani likinguruma peke yake kama mzee anayesali, nami nikaenda nyuma ya nyumba kupika kwenye mafiga. Ubavuni mwake kilibandikwa kidude kidogo kama kifungo cha koti, kinachoandika joto saa baada ya saa. Kidude kiliujua moto, sufuria hakikuijua. Hapo ndipo nilipopenyea.

Isimbi anasomea shahada ya uzamili ya nishati safi katika chuo kimoja Mbarara. Jiko hilo alilibuni mwenyewe, akaligawa katika nyumba nane hapa Misiera, kijiji chetu cha wakimbizi, apime kama akina mama watalipikia kweli. Matokeo ndiyo yangempa shahada au kumnyima. Sasa mtoto aliyezaliwa chini ya turubai anakwenda kusimama mbele ya maprofesa, bibi yake akae mikono mapajani? Baada ya ibada niliwanong'oneza wenzangu wenye majiko: liwasheni, hata kama hampiki. Sita walinielewa kabla sijamaliza. Wa saba, jirani yangu Marcienne, Mrundi na Mkatoliki, nilimfuata kwake; alikataa.

"Nitalazimika kuliungama kwa padri," alisema, "na padri wetu hawezi kuzuia kicheko."

Jana Isimbi alikuja kukusanya vidude vyake. Aliketi uani, kompyuta mapajani, michoro ikipanda na kushuka kama milima ya kwetu.

"Koko, banalipenda," alisema, maana bibi kwake ni Koko. "Saa saba kwa siku. Nane. Ya kwako iko saa tisa. Unapikaka nini?"

"Maharagwe. Ya huku ni makaidi."

Alicheka, kisha akakunja uso. "Nyumba moja tu ndiyo inaniharibia. Ya mama Marcienne. Saa mbili. Kidude chake kitakuwa kibovu, nitaiondoa kwenye hesabu. Kesho kutwa ninasimama mbele ya maprofesa."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imekwisha fika chuo kikuu. Nilitazama kidole chake kikilielekea jina la mwanamke pekee aliyesema kweli. Nimewahi kudanganya askari wa mpakani, karani wa mgao, hata mchungaji, na usingizi ukanijia vizuri. Lakini mama zao hao sikuwanyonyesha mimi; wa Isimbi nilimnyonyesha. Nilidhani ninambebea mtoto mzigo, kumbe nilikuwa nimeukalia.

"Usiiondoe," nilisema. "Ondoa zingine."

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba. Mafiga yalikuwa bado ya moto. Kando yake, kibuyu cha maziwa kilikuwa kimeinamishwa juu ya chungu kidogo chenye makaa na majani makavu, kikimeza moshi taratibu. Ng'ombe wetu ni mmoja tu, lakini hata maziwa ya ng'ombe mmoja hayamiminwi katika kibuyu kisichofukizwa. Yataharibika mapema, na mgeni atakayeyanywa atajua ulilelewa ovyo. Jiko la Isimbi halina moshi. Na moto wa kufukizia nikishauwasha, maharagwe niyabandike wapi kama si papo hapo?

Isimbi alikitazama kibuyu, kisha mafiga. Sikuona hasira usoni mwake. Ningeipendelea, maana hasira ninajua kuitania.

"Bote?" aliuliza.

"Sita, na mimi. Wazo ni langu. Wao ni watiifu tu, maskini."

"Mbona hukuniambia habari ya kibuyu?"

"Uliuliza chakula. Maziwa hukuyauliza."

"Na nimeyanywa hapa maisha yangu yote, Koko." Alilisema polepole, kana kwamba anasahihisha daftari lake mwenyewe.

Akampigia mwalimu wake simu. Sikusikia jina langu. Nilimsikia akisema takwimu za nyumba saba si za kweli, kwamba kosa ni lake, hakuuliza habari ya maziwa na majani ya kufukizia, na kwamba anaomba miezi miwili zaidi. Mimi nilitazama nyufa za visigino vyangu, na mzaha hata mmoja haukunijia. Kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza ni majani gani."

"Mwambie aje ayanuse."

Alimwambia, kwa adabu zaidi yangu, natumaini. Mwalimu alisema jibu la miezi miwili atalitoa siku hiyo hiyo Isimbi atakaposimama, mbele ya wenzake. Basi bado hatujui.

Isimbi hakurudi kwenye kompyuta. Alichuchumaa kando ya chungu, daftari gotini. Moshi unakaa dakika ngapi? Makaa kiasi gani? Darasa la nne ndilo nililoishia. Sikuwahi kuulizwa na msomi jambo ambalo mimi nalijua na yeye halijui.

"Na unajuaje kimetosha?"

"Kwa pua."

"Pua haiandikwi, Koko."

"Basi leta yako."

Aliinama juu ya kibuyu, akapiga chafya, akasogea karibu zaidi.