Majibu ya Semeni

Bi Batuli hakuketi. Mama alimtandikia mkeka, akammiminia kahawa, lakini yeye alibaki mlangoni na vumbi la mtaa wa Ng'ambo kwenye pindo la buibui lake, akinikagua kama anayechagua nyanya sokoni.

"Sikuja kwa ugomvi, dada," alimwambia Mama. "Nimekuja kusema posa imekufa. Mngetuambia mapema kuwa binti anaumwa, tungemwombea Mungu pamoja nanyi. Lakini kufichana? Hapana."

"Nani anaumwa?" niliuliza.

Akanitazama kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko maneno.

"Mji mzima unajua, mwanangu. Majibu yako yametoka Dar es Salaam, na ni mabaya."

Huo ulikuwa mwaka 1966. Baba yangu, Humaidi, alikuwa mnunuzi wa nta. Warina asali wa kijiji cha Ipole waliyeyusha masega, Baba akainunua nta yao, ikapanda treni hadi Dar es Salaam, ambako kaka yangu Abbasi aliwauzia watu wa meli. Bei haikutulia. Ilipopanda au kushuka, Abbasi alimpigia Baba simu ya maandishi, na shida ilianzia hapo, maana simu ile ilipita kwenye macho na midomo ya watu wengi kabla haijafika dukani kwetu. Abbasi akiandika kwamba nta imepanda, lori la Darwesh, mshindani wa Baba, lilitangulia Ipole.

Abbasi alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Idi, wakakaa dukani kutafuta njia ya kupashana habari bila kusikilizwa. Simu ya mdomo waliikataa, kwa kuwa anayeunganisha waya naye ana masikio. Barua ingefika bei imeshageuka. Mtu wa kutumwa kwa treni angeweza kununuliwa njiani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchele, nikawaambia, "Tumieni mafumbo. Simu iseme habari za nyumbani, ambazo mfanyabiashara hatazitolea macho."

Baba akacheka kwa furaha. "Akili hizo!"

Lakini maneno waliyopatana hawakunipa. Fumbo likijulikana na wanawake, alisema Baba, jioni lipo kisimani. Nikaumeza ule msemo. Nilikuwa na mambo yangu. Twalibu, mtoto wa Bi Batuli, fundi cherehani, alikuwa ameniposa, na nilikuwa nikihesabu kuwa maisha yangu yameanza.

Bi Batuli alipoondoka nilivuta ushungi nikaenda dukani. Baba alikuwa anafuta mizani.

"Shikamoo Baba. Mimi naumwa nini?"

Alifuta mizani iliyokwisha kutakata, kisha akasema, "Ni maneno ya simu tu, mwanangu. Majibu yako mabaya, bei imeshuka, tusinunue. Majibu mazuri, tununue."

"Kwa nini mimi? Kwa nini si mbuzi, si mvua, si paa linalovuja?"

"Habari ya mbuzi wangeshtuka. Ya mtoto mgonjwa hakuna anayeitilia shaka."

"Basi mwambie Bi Batuli ukweli."

"Nikimwambia Batuli nimemwambia Darwesh. Tumepata njia salama, Semeni, tusiivunje. Subiri msimu uishe." Akaweka kitambaa chini. "Na mafundi cherehani wapo wengi."

Wangeweza kuniomba. Laiti wangeniomba, huenda ningekubali! Walinitwaa kama gunia tupu, wakanijaza ugonjwa, wakanishona mdomo, na baba yangu mzazi akaona hesabu imetimia.

Asubuhi nikaenda posta, kwenye dirisha la simu. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walinipisha mbele, wakijitenga nisiwaguse. Nikapita.

"Kwa Abbasi Humaidi, Kariakoo," nilimwambia karani, kwa sauti ya kufika barabarani. "Andika. Semeni haumwi na hajaumwa. Majibu mabaya ni nta kushuka bei. Majibu mazuri ni nta kupanda. Tafuteni mgonjwa mwingine."

Karani aliinua kalamu. "Dada, niandike hivi hivi?"

"Hivi hivi. Kisha unisomee, nione kama umekosea."

Akasoma. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka, akaacha.

Kabla ya adhuhuri mtaa wetu wote wa Ipuli ulikuwa na habari hiyo. Msimu ule Darwesh aliizoa nta ya Ipole. Baba hakunisemesha hadi Ramadhani, na hata hapo aliniomba chumvi tu.

Twalibu alikuja mwenyewe, na kitambaa kizuri mkononi. "Sasa nimejua huumwi," alisema.

"Na kama ningekuwa naumwa?"

Aliangalia kitambaa chake. Nikamfungulia mlango atoke.

Mwaka uliofuata likaja Azimio, na baadaye ununuzi wa nta ukachukuliwa na ushirika. Siri zote zile, na hasara yangu ndani yake, zikawa hazina kazi. Ushirika ukatafuta mtu anayejua kusoma, wa kutangaza bei kule Ipole. Nikaomba, nikapata. Kila siku ya soko nilisimama juu ya sanduku mbele ya warina asali, nikataja bei, wote wakaisikia kwa pamoja.

Siku moja lori la Baba, ambalo sasa ushirika ulilikodi kubeba nta, lilikuja likiendeshwa na yeye mwenyewe. Alishuka, akasimama mwisho wa umati, mvi zimemjaa, kofia mkononi. Nilipomaliza aliinua mkono kama wengine.

"Rudia, mwanangu. Huku nyuma hatukusikia."

Nikairudia, kwa sauti kubwa zaidi, nikiwatazama warina asali.