Tufe la Buluu

Mume wangu aliacha tufe moja la bolingi, la buluu iliyokolea, na wanawake wawili wa kuligombania: mimi na wifi yangu.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana tukakubaliana tulichezee. Atakayeangusha pini nyingi ataondoka nalo. Katika ukumbi wa bolingi tulikuwa peke yetu. Njia ya mbao, iliyopakwa mafuta, ilimeta hadi kule zilikosimama pini zenye umbo la chupa, na taa zilionekana kama zimelala ndani yake. Nilitembea polepole, kama nimo ndotoni mwa mtu mwingine na sitaki kumwamsha.

"Wewe cheza na hilo lake," wifi alisema. "Mimi nachukua la hapa ukumbini. Kaka alikuwa anasemaje? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Alisema hivyo huku amekumbatia la kwake," nikamjibu. "Mkono mtupu haulambwi, wifi."

Tufe la mchezaji hutobolewa kwa kipimo cha vidole vyake. Vya marehemu vilikuwa vinene, vyangu vilipwaya. Nikabandika plasta ndani ya matundu, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakanibana. Nikarusha. Tufe likaning'ang'ania kidole gumba, likaniachia kwa kuchelewa na kutumbukia kwenye mfereji wa kando ya njia. Mara ya pili, vilevile. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Hasira zikanipanda. Nikachukua tufe jekundu la ukumbini, limejaa makovu, lakini lilinienea. Pini zikaanza kulala. Wifi naye alilalamika kuwa lake linamfinya vidole, nami nikamwambia koleo limevunjika, afue chuma. Mwishowe nilimshinda, tena kwa mbali.

"Haya, ni lako," alisema. Hakuwa anacheka tena. "Ila niache nilirushe mara moja tu. Nimuage."

Akabandua plasta zangu, moja moja. Vidole vyake vikaingia bila kupwaya, bila kubanwa. Miaka yote ile ya kuteta naye, sikuwahi kuitazama mikono yake. Akapiga hatua, akashusha bega la kushoto, na mwishoni kiganja kikageuka taratibu, kama cha mtu anayefungua mlango asiamshe watoto. Tufe likaambaa ukingoni mwa mfereji, likakaribia kuanguka, kisha likapinda kurudi katikati. Pini zote kumi zikalala.

Mume wangu alikuwa amesimama pale, amevaa sketi. Nilitaka kucheka, nikalia.

"Wifi, unalia nini? Si umeshinda?"

Mashine ikaturudishia tufe, likasimama mbele yetu. Kwangu lingekaa juu ya kabati, nami ningelipangusa vumbi.

"Lichukue," nikamwambia. "Ila kila Jumamosi uje nalo hapa, ulirushe. Mimi nitakaa pale nyuma, nimtazame."