Sanduku la Thelathini na Tatu

Roswitha Kahnt aliwaambia wageni wake kumi na mmoja, waliokuwa wakikanyagakanyaga theluji ili vidole visife ganzi, kwamba kwa miaka arobaini na kitu katika bustani hii hajawahi kuogopa chochote.

"Isipokuwa bata bukini," akaongeza. "Na ngazi zikishika barafu. Na msimamizi akinuna. Na lile sanduku pale, kwa hiyo tupite kushoto."

Wageni wakacheka, wakapita kushoto.

Kutoka Dresden mpaka bustani ya Kleinhagen ni nusu saa kwa treni, na watu huja hata Januari kutembea kando ya bwawa lililoganda na kutazama sanamu zisizoonekana. Maana kila Novemba sanamu za marumaru hufungiwa ndani ya masanduku ya mbao, marefu kama kabati, maji yasije yakaingia kwenye jiwe, yakaganda, yakalipasua. Sanamu ni thelathini na mbili. Mwaka huu masanduku yalikuwa thelathini na matatu.

Msimamizi, Bwana Tietze, aliyahesabu mara mbili, akachukua brashi, akaandika 33 kwenye lililozidi, akaenda kunywa kahawa.

Sanduku hilo lilionekana kwanza ng'ambo ya bwawa, mwisho kabisa wa njia ya miti. Kila asubuhi lilikutwa limesogea mti mmoja kuelekea langoni. Theluji iliyolizunguka ilikuwa safi, haina hata alama ya kunguru. Kila siku saa nne kamili mtu ndani yake aligonga mara tatu, akasubiri, akakohoa, akanyamaza. Bwana Tietze akabandika karatasi ya kuwaomba wageni wapite kushoto.

Roswitha alijua ni nani. Alimtambua kwa kikohozi.

Langoni, kwenye dirisha la tiketi, alikaa rafiki yake Gerlinde, ambaye kila Jumapili humpikia supu ya viazi na soseji. Gerlinde alikuwa na mdogo wake, Almut, mtunza bustani. Novemba ya mwaka 1986, siku ya mwisho ya kufunga masanduku, Almut hakurudi nyumbani. Watu wakasema amevuka mpaka kwenda Ujerumani Magharibi kama walivyovuka wengine, na polisi wakamhoji Gerlinde mara tisa. Machi, masanduku yalipofunguliwa, Almut alikuwa ndani ya moja, ameegemea magoti ya sanamu ya mungu wa kike wa mavuno. Aliingia kujikinga na upepo, na dawa ya kikohozi ikampa usingizi; baridi ikamuua humo.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja tu: kabla ya kukaza ubao wa mwisho, gonga mara tatu, uliza kama kuna mtu, sikiliza. Aliyekaza ubao ule alikuwa Roswitha. Basi la saa kumi lilikuwa linaondoka, mikono ilikuwa imekauka kwa baridi, na hakugonga. Kwenye ripoti aliandika kwamba aligonga. Ofisi ikapiga muhuri: kosa la marehemu.

Hilo walilijua watu wawili, yeye na aliyekuwa ndani. Siku zote alikula supu ya Gerlinde akiomba Mungu rafiki yake afe bila kujua. Sasa ilibaki miti mitano kufika langoni.

Aliliongezea sanduku skrubu nane ndefu. Asubuhi alizikuta zimepangwa mstari juu ya paa lake, zimefutwa theluji. Ikabaki minne. Akamwendea Gerlinde.

"Mwenzangu, umechoka. Nenda pwani ukapumzike wiki mbili."

"Pwani gani, Januari hii? Nikaogelee na barafu?"

"Upate hewa."

"Hewa ninayo, inaingia kwa dirisha hili mpaka kwenye figo. Wewe ndiye umepauka. Unakula kweli?"

"Nakula."

"Nenda huko! Jumapili umeacha soseji mbili. Roswitha ninayemjua mimi angelamba na sufuria."

Miti mitatu. Miwili.

Alhamisi sanduku lilikuwa limesimama mbele ya dirisha la tiketi. Wageni walipanga foleni kulizunguka, na bibi mmoja akatundika mwavuli wake kwenye kona yake. Saa nne likagonga mara tatu. Likakohoa.

Gerlinde akatoka nje na chupa yake ya chai.

"Almut," alisema, kama anayemwita mtu mezani. "Nikumiminie?"

"Kidogo tu, dada. Isiwe moto sana." Sauti ilikuwa bado ya miaka ishirini na minne.

Gerlinde akapitisha kikombe kwenye tundu la hewa. Kikapokelewa.

Bwana Tietze akaja akiwa na brashi. "Bi Gerlinde, kama ni habari ya ile ripoti, nisamehe, haibadiliki. Ofisi iliyoipigia muhuri haipo tena, na ofisi iliyopo haina mamlaka ya kuisahihisha isiyokuwepo." Akanyoosha namba 33 iliyokuwa imechuruzika, akaenda zake.

Gerlinde akamgeukia Roswitha.

"Sijawahi kukuuliza. Karatasi ilisema uligonga, nikasema basi, yametosha. Leo nauliza. Uligonga?"

Roswitha akalitazama sanduku. Angeweza kusema neno moja.

"Niligonga. Mara tatu, kwa ngumi. Halafu nikaita, haki ya Mungu, nikaita: Almut! Almut, umo humo? Almut! Kimya. Nikasubiri mpaka basi likaniacha."

Gerlinde alilikagua hilo kama mtu anayehakiki tiketi.

"Machi ile ulilia kwenye bega langu," alisema. "Ukasema hukujua, hukuwa na habari kabisa kama yumo. Mtu usiyejua kama yumo, Roswitha, unamwitaje kwa jina?"

Roswitha akafungua mdomo. Ndani ya sanduku Almut alikohoa kwa adabu, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema.