Mafuta Chooni

Alianza kuliona duara. Lilikuwa limeandikwa kwenye pipa la bluu la mafuta ya alizeti, na pembeni yake vimesimama vijiti viwili, cha mwisho kimekunja mguu: OIL. Binti huyu, jina lake Sikudhani, alikuwa akilipita kila asubuhi tangu aanze kuzoa mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, kwenye mashine ya mafuta ya shangazi yake, Kristina, pale Mtinko. Lakini siku hiyo bwana shamba aliacha mfuko wa mbegu mlangoni, na kwenye maandishi yake kulikuwa na duara lile lile na vijiti vyake, vimetanguliwa na herufi iliyojipinda kama nyoka. SOIL.

Aliweka koleo chini. Akaenda kwenye pipa, akarudi kwenye mfuko, akaenda tena kwenye pipa.

"Umepoteza nini?" Simeoni, fundi wa mashine, alimuuliza.

Sikudhani akatikisa kichwa na kucheka ndani ya kanga.

"Huyu siku akiongea," Simeoni akawaambia wateja, "anikeni alizeti ndani. Mvua itanyesha kiangazi."

Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua kule Kinyangiri na mbuzi wakakosa wa kuwachunga. Kwa Kiingereza alijua salamu, na alijua kwamba OIL ni mafuta, maana kila mtu pale mashineni alijua. Basi akaona mambo yako wazi: neno lolote lenye herufi hizo lazima lina mafuta ndani yake.

Kuanzia hapo Mtinko ikawa imejaa mafuta. Dukani, kwenye boksi la dawa ya mbu ya kuwasha: COIL. Kwenye pakiti ya tambi: BOIL. Moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hajui amwonyeshe nani. Halafu siku ya gulio akaona mlango wa choo, umeandikwa kwa rangi nyekundu: TOILET. Akasimama akiukodolea macho hadi mzee mmoja akamuuliza, "Binti, kuna mtu ndani?" Akakimbia huku anacheka.

Mafuta chooni yanafanya nini?

Wa kumuuliza alikuwepo. Mwalimu Redempta alifundisha watu wazima kila alasiri katika stoo ya mashine, kati ya magunia, kwa kuwa wateja walikuwa hapo hapo wakisubiri zamu zao. Sikudhani hakuwa mwanafunzi. Alizoa mashudu karibu na mlango, polepole kuliko kazi ilivyotaka.

Alasiri moja mwalimu alisema somo la hapo limefika mwisho. Anayetaka kuendelea kuna darasa la watu wazima Utemini, mjini, na amwambie leo hii kabla hajaondoka. Akatazama mlangoni. "Na binti huyu?"

"Huyo hataki," shangazi akajibu. "Aibu itamuua kabla hajafika stendi."

Alikuwa na desturi ya kumjibia. Mgeni akiuliza binti anaendeleaje, shangazi ndiye alisema mzima. Hakuwa na ubaya. Aliona anampunguzia mzigo.

Mara umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, na ule mngurumo ambao Sikudhani alizoea kujificha nyuma yake ukatoweka.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba."

"Chooni mafuta yanaingiaje?"

Stoo nzima ilicheka. Simeoni aliegemea gunia kwa kukosa nguvu. Lakini Sikudhani alikuwa ameshafungulia: akaeleza pipa, mfuko, boksi, pakiti, hadi mlango wa gulioni, maneno yakikanyagana.

Mwalimu naye alicheka, kisha akachukua chaki na kuyaandika yote ubavuni mwa pipa. Mfukoni ni udongo, akasema. Kwenye tambi ni kuchemsha. Dawa ya mbu wameiita hivyo kwa kuwa imezungushwa kama kamba iliyokunjwa. Na choo ni choo, mafuta hamna.

"Herufi ni kama mafundi wa kujenga," alisema. "Leo wako kwa huyu, kesho kwa yule. Hawahami na vyombo vya ndani."

Kumbe alikosea yote. Na badala ya kusononeka alisisimka zaidi, maana kila neno sasa lilikuwa nyumba yenye mlango wake.

Umeme ukarudi. Simeoni akawasha mashine, na mashudu ya kwanza yakatoka yana unyevu, kama kawaida kabla chuma hakijapata moto.

"Yarudishe hayo," akamwambia Sikudhani. "Bado yana mafuta."

Akayazoa, akayamwaga tena juu ya mashine.

"Haya, umeshauliza," shangazi alisema. "Mwalimu aende zake, jua linazama."

Mngurumo ulikuwa umepanda. Ilibidi Sikudhani aseme kwa nguvu, na waliokuwepo wote walisikia.

"Shangazi, mimi shule sikutaka kuiacha. Nataka kwenda Utemini."