Mashine ya Swaib Yaingia Uani

Wanawake wengine wa mtaa wa Namakwekwe huletewa mke mwenza. Ramlah yeye aliletewa mashine: fimbo ndefu yenye sahani nyeusi mwishoni, kijiskrini cha namba karibu na mkono, na hedifoni za kumfanya mume asisikie akiitwa kula. Swaib, mumewe, fundi wa malori kule upande wa viwanda wa Mbale, aliipenda kupita kiasi. Kila Jumapili alitoka nayo kwenda viwanjani kuipitisha juu ya ardhi, nayo ikilia penye chuma au madini yoyote, anapiga magoti anachimba. Na alipata nini? Vizibo vya soda. Misumari. Siku moja alipata kijiko, akakipigisha picha.

Majirani walinong'ona kwamba anatafuta dhahabu iliyofukiwa na askari wa zamani. Wapi! Swaib hakuwa na habari na utajiri, yeye alitaka raha yake tu. "Shida ya watu," alikuwa akisema huku mkewe anachambua mchele na wala hamsikilizi, "wanaitingisha kama wanafyeka nyasi, halafu wanalalamika hawapati kitu. Hii inataka utulivu, Mama Nasif." Mama Nasif ndiye Ramlah mwenyewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na utulivu aliujua sana, maana ndio uliomfanya asiitupe mashine hiyo chooni.

Walipoalikwa Jinja, mtaa wa Kimaka, kwenye harusi ya Fatumah, binti wa dada yake Swaib, Ramlah alikuta fimbo imelazwa katikati ya masanduku ya nguo.

"Baba Nasif, tunaenda harusini au tunaenda kuchimba kisima?"

"Udongo wetu wa Mbale una chuma chake, unaipigia mashine kelele. Kule kando ya ziwa ni kimya. Nipe saa moja tu."

Njiani Ramlah alinuna mpaka Iganga.

Siku ya hina, ua wa nyuma kwa wifi yake ulikuwa wa wanawake watupu. Wanaume walibaki mbele, chini ya hema, upande wa pili wa uzio wa mabati. Watu wa bwana harusi walikuwa wametoka Bombo asubuhi, wakiongozwa na shangazi yake, Hajati Ruqaiya, mama mmoja mkimya mwenye jicho la kukagua mapazia. Alipofika tu alimwita Ramlah pembeni, akamtolea pete ya dhahabu.

"Hii ndiyo ya kumvisha bibi harusi kesho. Nimeona wewe ndiye mtu mzima hapa. Ikae kwako."

Sifa ilimwingia Ramlah kichwani. Ili isipotee akaivaa kidoleni, ingawa ilimpwaya. Kisha akaingia kazini: kufagia, kutandika mikeka, kuteka maji, kukanda hina kwa mafuta, kuwapaka wageni miguuni na kuwafunga nailoni ili ikolee. Alipokuja kunawa mikono, kidole kilikuwa kitupu.

Jamani! Alikung'uta gauni, akapekua majivu, akachungulia bakuli la hina, akakuta limekwanguliwa safi. Pete ya watu, aliyokabidhiwa kwa kuaminiwa, na ndoa yenyewe kesho! Kuanzia leo mpaka anazikwa ataitwa yule mama aliyepoteza pete ya Fatumah. Akamvuta wifi yake jikoni, akamweleza, na wifi akashika kichwa.

"Mwite kaka yangu," wifi akasema mwishowe. "Na kile kitu chake."

Hakuna neno lililowahi kumshinda Ramlah kulimeza kama lile. Akaenda kwenye uzio, akaita kwa sauti ya chini kwenye mwanya wa mabati. Swaib alisikiliza, akawa ameshaenda kwenye gari na kurudi kabla hajamaliza kueleza.

"Nifungulie mlango."

"Mwanamume uani siku ya hina?" wifi akadakia. "Labda nife kwanza."

Basi mashine ikapitishwa juu ya uzio, na Swaib akabaki nje, jicho moja kwenye mwanya.

"Vua bangili zote. Simu iweke mbali, inaivuruga. Sahani ikaribie ardhi bila kugusa. Na kaa mbali na haya mabati, usije ukasema sikukwambia."

Wageni waliambiwa kuna sindano imeanguka, isije ikamchoma mtu. Ramlah akaanza kuitingisha kama anapepea jiko la makaa, na mashine ikapiga kelele kama imeibiwa.

"Polepole, mama! Huna haraka!"

"Sina haraka? Mimi?"

"Punguza makali, kile kitufe cha chini. Sasa pitisha kushoto, kulia, usiruke mahali. Ikilia, pitisha tena kwa kukata msalaba, hapo utajua penyewe."

Akafanya hivyo, na kelele zikakoma. Ua mzima ukawa kimya, isipokuwa sauti moja hapa, moja pale, kila moja na lafudhi yake. Ya kwanza ilikuwa kizibo, ya pili pini ya nywele. Ya tatu ilikuwa sarafu ya zamani yenye kutu, na wallahi, kwa nukta moja alisahau pete kabisa, akaipangusa kwa kidole akitabasamu. Kisha akakumbuka, akajikasirikia.

Akafika kwenye mkeka wa Hajati Ruqaiya, aliyekuwa amenyoosha miguu yake yenye nailoni. Mashine ikalia, sauti safi, laini, isiyokatika.

"Hajati, samahani. Ukae kwenye kiti kidogo."

Mkeka ukainuliwa. Ardhi kimya. Ramlah akapitisha tena, kimya. Akageuka kurudi, na sahani ikapita karibu na miguu ya Hajati pale kwenye kiti, ikalia tena.

Wanawake wakageuka kutazama. Aliyeileta pete ndiye aliyeichukua? Aseme nini sasa? Akimtaja, ndoa imevunjika kabla ya wali kuiva. Akinyamaza, aibu ni yake.

"Hina imekolea, Hajati," akasema. "Nikuoshe."

Akaleta beseni, akapiga magoti, akafungua nailoni. Hina ilibanduka vipande vipande ndani ya maji, na kwenye wayo wa kushoto, pale chini penye uvungu, kipande kimoja kilitoka na pete ndani yake. Ilikuwa imemtoka kidoleni wakati anakanda, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akampaka nayo mgeni. Kila mahali wayo ulikuwa mwekundu, isipokuwa kiduara kimoja cheupe.

Hajati aliinama. Alikuwa ameelewa yote.

"Tangu uliponipaka kuna kitu kinanifinya," akanong'ona. "Nikasema nikilalamika, watasema watu wa Bombo wameshaanza."

Chini ya maji akaikunja mikono ya Ramlah juu ya pete. Kisha akainua sauti: "Hakuna sindano hapa! Mashine ya bwana wako mbovu, mwambie akaiuze kwa vyuma chakavu!"

Ua ukaangua kicheko. Nje ya uzio wanaume nao wakacheka, mmoja akauliza kama inaweza kutafuta nyama kwenye pilau. Ramlah akatazama kwenye mwanya. Jicho halikuwepo tena. Aliona mgongo wa Swaib ukienda taratibu, mikono mitupu.

Alikuwa ameokoka. Pete mkononi, jina lake safi, hakuna aliyejua. Alichotakiwa ni kucheka na wenzake tu. Akajaribu, na kicheko kikagoma kutoka. Huyu mtu hajawahi kumdhuru mtu yeyote na mashine yake.

"Si mbovu!" akapiga kelele, akasimama, maji mekundu yakimchuruzika viwikoni. Wifi akamkonyeza sana anyamaze. "Pete ya Fatumah niliipoteza mimi. Mimi! Nikaikanda kwenye hina, nikampaka nayo Hajati wa watu, na mashine ya mume wangu ndiyo iliyoipata!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Hajati Ruqaiya. Alicheka hadi machozi, akainua wayo wake juu kila mtu akione kile kiduara, na akasema atatembea peku harusini.

Nje viatu vikarudi mbio, jicho likatokea kwenye mwanya.

"Mama Nasif! Ni kweli dhahabu? Ilionyesha namba ngapi?"

Ramlah hakuwa ametazama. Akafuta mikono kwenye gauni, akailaza pete chini, akashika fimbo, akaipitisha juu yake polepole, kushoto, kulia, ili amsomee namba vizuri.